Sola ya kW 5 na betri ya lithiamu: je, inaweza kuipumzisha jenereta?

Kinachopimwa hapa ni seti iliyozoeleka sokoni. Majina kwenye maboksi hubadilika, matumbo ni yale yale: inveta mseto (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani) ya kW 5 inayofanya kazi na betri ya volti 48, betri moja ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 51.2 na ampea-saa 100, na paneli 8 za wati 550. Swali ni moja tu. Mtu anayewasha jenereta kila jioni akiifunga seti hii, ataacha kununua mafuta? Ataacha sehemu kubwa, si yote, na matatizo atakayoyaona yatatoka zaidi kwenye ufungaji kuliko kwenye vifaa.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayowapeleka watu kwenye sola. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kWh 10. Jenereta ndogo ya dizeli isiyo na hitilafu, ikibeba robo tatu ya uwezo wake, hutoa uniti moja ya umeme (yaani kWh 1) kwa lita 0.35 hadi 0.4, nishati iliyobaki hutoka kama joto kupitia bomba la moshi na mwili wa injini. Shida ni kwamba jenereta chache hufanya kazi hivyo. Nyingi hubeba taa, televisheni na friji, mzigo wa robo au chini yake, na hapo kila uniti inaweza kula mafuta mara mbili. Dizeli inayozunguka saa nyingi chini ya asilimia 30 ya mzigo haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote. Masizi hushika ringi na vali, na majimaji meusi huanza kuchuruzika kwenye bomba la moshi. Ya petroli ni mbaya zaidi: lita 0.5 hadi 0.7 kwa uniti ni jambo la kawaida.

Bei ya lita hiyo ndiyo isiyoshikika. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 147. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga siku ukiwa chini ya sifuri, hasi dola 37.63. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa la Brent, mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini, lilivuka dola 130. Mwenye jenereta hakuwahi kuiona sifuri ile kwenye pampu, kwa sababu dizeli ina soko lake, tofauti na mafuta ghafi. Pipa la lita 159 halitoi dizeli tupu. Linagawanyika kuwa gesi, petroli, mafuta ya ndege, dizeli na mafuta mazito, na mtambo wa kusafisha unaweza kuusogeza mgawanyo huo kidogo tu. Kipande hicho cha dizeli kinagombaniwa na malori, matrekta, migodi na meli. Tangu 1 Januari 2020 meli zisizo na vichujio vya moshi zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka kikomo cha awali cha 3.5, na hilo lilizisogeza karibu na tangi lile lile la dizeli. Februari 2023 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa dizeli ya Urusi, shehena zilianza kuzunguka njia ndefu zaidi. Ndiyo maana ghafi inaweza kushuka na dizeli ikabaki juu.

Lithiamu nayo ina soko lake. Ilipanda vibaya 2021 na 2022, kisha ikaporomoka 2023. Tofauti ni kwamba bei ya lithiamu inakugusa siku unaponunua betri tu, ila ya dizeli inakugusa kila dumu linapokauka. Aina hii ya betri, tofauti na zile za magari mengi ya umeme ya awali, haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo misukosuko ya madini hayo mawili inaipita pembeni.

Kwa jicho la mhandisi, anayenunua seti hii ananunua mafuta ya miaka kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo inafaa tujue tangi lake lina ukubwa gani. Betri ya kWh 5.12 ikitumika kwa asilimia 80 hutoa kWh 4.1 kwa mzunguko, yaani kujaa na kuisha mara moja. Mara moja kwa siku kwa miaka 10, ukihesabu na uchovu wa seli, inafika karibu uniti 13,500. Jenereta ya dizeli inayofanya kazi vizuri ingehitaji lita 5,400 hivi kuzitoa uniti hizo. Ile ya mzigo mdogo, karibu mara mbili. Zidisha kwa bei ya pampu ya mahali ulipo, ongeza oili ya kubadilisha kila saa 100 hadi 250 kulingana na injini, halafu linganisha na bei ya seti. Na hizo ni uniti zilizopita kwenye betri tu. Zile zinazotumika mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli hazimo.

Sasa inveta, sehemu ambayo karatasi ya vipimo huizungumzia kwa ukarimu kupita kiasi. Kitu cha kwanza kutafuta ni umeme inaoula yenyewe bila kubeba chochote. Inveta za kundi hili hula wati 50 hadi 70. Chukua 60: kwa saa 24 ni kWh 1.44, zaidi ya robo ya betri nzima, kila siku. Kwa usiku wa saa 12 ni kWh 0.7. Baadhi zina hali ya kusinzia, lakini ikiwashwa, mizigo midogo kama ruta na taa moja ya LED haitoshi kuiamsha, kwa hiyo wengi huizima. Ukiwa na chaguo kati ya inveta mbili, ile yenye wati 40 za kujilisha ina thamani kuliko ile yenye skrini ya rangi.

Toa hasara zote na usiku wako unabaki na uniti 3 na kidogo za kutumia. Friji ya kawaida yenye wastani wa wati 50 itachukua 0.6, taa kumi za wati 9 kwa saa 5 zitachukua 0.45, televisheni 0.4, feni ya wati 50 kwa saa 8 nyingine 0.4, ruta 0.1 na kidogo. Jumla haifiki 2. Inabaki nafasi ya pasi kwa saa moja hivi. Haibaki nafasi ya kupikia kwa koili za umeme jioni, na hita ya maji ya kW 3 isiguswe kabisa jua likishazama.

Kitu cha pili ni ile kW 5 yenyewe. Betri moja haiwezi kuitoa. kW 5 kwa volti 48 na ufanisi wa asilimia 93 ni ampea 112, na sakiti ya kulinda betri, BMS kama mafundi wanavyoiita, kwa kawaida imewekewa kikomo cha ampea 100. Pampu ya maji na kompresa huvuta mara 3 hadi 6 ya mkondo wao wa kawaida kwa sekunde ya kwanza. Betri inakata, nyumba inazima, mteja anasema inveta ni mbovu. Inveta ni nzima. Ama weka betri mbili sambamba, ama jizuie kwenye kW 3.5 na pampu ifanye kazi mchana paneli zikisaidia.

Paneli ndiyo sehemu isiyosumbua, mradi hesabu ya volti ifanywe kabla ya kupanda juu ya paa. Paneli ya wati 550 ina karibu volti 50 ikiwa haina mzigo. Nane kwa mfululizo ni 400. Baridi hupandisha volti, takribani asilimia 0.27 kwa kila nyuzi 1 chini ya 25, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 0 zinafika 427. Inveta yenye kikomo cha volti 450 iko salama. Ya tisa ukiiongeza umeivuka, na mlango wa sola ukiungua kwa volti zilizozidi hakuna dhamana itakayokulinda. Joto nalo linapunguza nguvu: seli ikifika nyuzi 65, paneli ya wati 550 inatoa karibu 475. Acha sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Kivuli cha bomba au tawi kwenye paneli moja hupunguza mkondo wa mstari mzima au huilazimisha paneli hiyo kuruka theluthi yake, basi kata tawi kwanza.

Kwa siku yenye saa 5 za jua kamili, tegemea uniti 16 hadi 17. Wingu zito linaloficha jua kutwa hushusha mavuno hadi asilimia 10 au 25 ya hapo, yaani uniti 2 hadi 4, na inveta yenyewe imeshakula moja na nusu. Siku tatu mfululizo za hali hiyo na betri iko chini. Muuzaji anayeahidi kwamba jenereta iuzwe siku hiyo hiyo hajazifanyia hesabu siku hizo tatu.

Ufungaji ndio unaoamua. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa betri za asidi, na hali ya kusawazisha seli ikisukuma hadi volti 58.4. Kwa seli 16 za lithiamu hiyo ni 3.65 kwa seli, mpaka wa mwisho kabisa; seli moja ikitangulia wenzake, BMS inakata betri katikati ya kuchaji na taa zinapepesa au kuzima. Zima usawazishaji huo. Weka chaji kuu 56.0, chaji ya kudumisha 54.0, na kukata chini 48.0. Kisha unganisha waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta, maana volti haikuambii kitu: kati ya asilimia 30 na 70 za chaji, betri hii haisogei hata volti 1. Waya wa intaneti wa kawaida unaingia kwenye tundu vizuri kabisa na bado haufanyi kazi, kwa sababu mpangilio wa pini za CAN na RS485, njia mbili za mawasiliano za vifaa hivi, hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Angalia pini kwenye vitabu vyote viwili. Skrini ikionyesha asilimia inayoruka kutoka 60 hadi 15 ghafla, mawasiliano hayapo, au betri haijajazwa kabisa kwa wiki nyingi na BMS imepoteza hesabu. Ijaze hadi juu angalau mara moja kwa wiki; hapo ndipo BMS yenyewe husawazisha seli.

Kebo ya betri iwe ya shaba, milimita 35 za mraba, ikilindwa na breka ya DC (umeme wa mkondo wa upande mmoja, kama wa betri na paneli) ya ampea 125. Ukiweka betri mbili na kinga ya 160, panda hadi milimita 50. Betri mbili ziwe na kebo za urefu sawa, chanya ichukuliwe kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili, na kabla ya kuziunganisha volti zao zisipishane zaidi ya 0.1. Usipofanya hivyo, moja inafanya kazi ya mbili na kuchakaa peke yake. Kaza boliti kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha rudi baada ya mwezi ukague. Boliti iliyolegea inapata joto, joto linalegeza zaidi, na mwisho plastiki ya terminali inayeyuka.

Upande wa paneli, moto mwingi huanzia kwenye viunganishi vya MC4. Dume la kampuni moja na jike la nyingine hushikana, hutoa mlio ule ule wa kubana, lakini vyuma ndani havigusani sawasawa. Tumia jozi za aina moja, zibanwe kwa koleo lake, si kwa plaiza. Na breka ya AC (umeme wa nyumbani) isitumike kwenye DC hata kama ampea zinalingana. Mkondo wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hujizimia. Wa DC wa volti 400 haupiti sifuri kamwe, na cheche huendelea kuwaka ndani ya boksi. Baadhi ya breka za DC zina alama za + na −. Zikigeuzwa, chemba ya kuzimia cheche haifanyi kazi.

Kuna kosa moja ambalo halionekani hadi mtu apigwe na umeme, na kwa maoni yangu ndilo la kukaguliwa kabla ya mengine yote. Inveta inapofanya kazi bila gridi, nyutro (waya wa kurudisha umeme) lazima iunganishwe na ethi (waya wa ardhini) mahali pamoja tu. Inveta nyingi zina rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kufanya hivyo, ila mpangilio wake huachwa ukiwa umezimwa. Bila muungano huo, mkondo unaovuja kupitia mwili wa mtu hauna njia ya kurudi ambayo kifaa cha kukata umeme kinaweza kuihisi ipasavyo, na hitilafu ya kwanza inabaki imejificha. Tenganisha gridi, pima volti kati ya nyutro na ethi. Ikisoma karibu 0, muungano upo. Ikisoma 90 hadi 120, nyutro inaelea. Kitufe cha majaribio kwenye kifaa hicho hakitoshi kuthibitisha, kwa sababu kinatumia rezista yake ya ndani na kitakata hata nyumba ikiwa haina ethi kabisa.

Jenereta sasa. Usiiuze, ipunguze. Hapa ndipo seti inaponifurahisha zaidi, kwa sababu inairekebisha tabia ya jenereta. Badala ya kuzunguka saa 6 ikibeba wati 400, ya kVA 3 inazunguka saa mbili na nusu ikichaji betri kwa ampea 30, ambazo ni karibu kW 1.6, pamoja na mzigo wa nyumba. Inafanya kazi pale inapokula mafuta vizuri, kisha inazimwa na usiku unapita kimya. Lakini chaji ya kutoka AC lazima ipunguzwe kwenye mipangilio. Ikiachwa kwenye ampea 60 inavuta zaidi ya kW 3, injini inalemewa, mzunguko unashuka, inveta inaikataa, injini inapumua, inveta inaipokea tena, na mchezo huo unaendelea hadi rilei ichoke. Kama jenereta inakataliwa hata bila mzigo, badili masafa ya volti ya kuingia kutoka yale finyu ya kompyuta, 170 hadi 280, kwenda yale mapana ya 90 hadi 280. Ikikataa bado, rekebisha gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, hadi Hz 51 au 52 bila mzigo.

Nishati mbadala nyingine zinazoulizwa mara kwa mara zinahitaji maneno machache. Jenereta ya gesi ya mitungi inaungua kwa usafi na oili hukaa safi, ila nguvu hupungua kidogo na bei ya gesi hiyo huifuata ya mafuta. Dizeli ya mimea ina nishati pungufu kwa asilimia 8 hivi kwa lita, hunyonya maji, na katika tangi kuukuu huosha uchafu wa miaka na kuziba vichujio. Wiki za mwanzo uwe na vichujio vya akiba. Haidrojeni kwa nyumba haina hoja: ukitengeneza kwa umeme na kuirudisha kuwa umeme unabaki na theluthi hivi ya ulichoweka, ilhali seti hii hurudisha zaidi ya asilimia 85. Betri za asidi bado ni nafuu siku ya kununua, lakini nusu tu ya ujazo wake ndiyo ya kutumia, na joto huzimaliza mapema.

Kwa alama: paneli 9 kati ya 10, betri 9, inveta 7 kwa sababu ya ulaji wake wa kimya, na kitabu cha maelekezo 4, maana kinataja mipangilio kwa namba bila kueleza matokeo yake. Karakana yenye mashine ya kuchomelea au nyumba inayopika kwa umeme usiku isiichukue kwa ukubwa huu.

Soma dhamana ya betri kabla ya kulipa. Huwa na mipaka mitatu, miaka, mizunguko na jumla ya nishati iliyopita, na unaofika kwanza ndio unaofunga. Mizunguko 6,000 hadi asilimia 80 ya uwezo si sawa na mizunguko 6,000 hadi asilimia 60, na tofauti hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Betri ikishafika, ipime ndani ya muda wa kurudisha: ijaze hadi volti 56 na mkondo ushuke chini ya ampea 5, tenganisha paneli na gridi, weka mzigo thabiti wa kW 1 na uanze saa. Hadi volti 48 inapaswa kudumu karibu saa 4 na nusu. Ikiishia saa 3 na nusu, seli si za ampea-saa 100, na hapo irudi ilikotoka.